Prodyuza Ndio Mwenye Mzigo: Risto ya Virunga kwa Mbogi ya Kiringye

Tarehe 15 Aprili 2014, kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Rumangabo, wasee wenye bunduki walimvizia Emmanuel de Merode, mdosi wa Hifadhi ya Virunga, wakammiminia risasi. Alikuwa anatoka Goma kukabidhi faili kwa mwendesha mashtaka, faili la mambo ya SOCO, kampuni ya mafuta ya Uingereza. Aliumia vibaya, akaokoka. SOCO ilisema haihusiki kabisa na lile shambulio. Siku mbili baadaye, New York kwenye tamasha la Tribeca, filamu inayoitwa Virunga ilikuwa inatoka kwa mara ya kwanza, na de Merode ni mmoja wa watu wakubwa ndani yake.

Jiwekeni hapo, mabeshte. Filamu imeshakamilika, ukumbi uko tayari, na msee wako amelala hospitalini na majeraha ya risasi. Mnaonyesha ama mnasare? Mkionyesha, nani anafuata kupigwa? Wale walinzi wa hifadhi ambao sura zao ziko wazi kwenye skrini, usiku huu wanalala wapi, na nani amewachungia mlango? Mzigo huu haumwangukii kameramani. Hata dairekta haubebi peke yake. Unamwangukia prodyuza. Na prodyuza wa Virunga, pamoja na dairekta Orlando von Einsiedel, alikuwa sista mmoja wa Uingereza, Joanna Natasegara.

Hii risto naiandikia mbogi ya Kiringye, na ya Sange, Luberizi, Luvungi, Kamanyola, bonde lote la Ruzizi mpaka Uvira mjini. Juu kwenye baze zetu kila mtu anataka kuwa staa. Yaya mmoja anachana mistari, mwingine anaigiza jambazi, mwingine ameshika simu na tayari anaitika akiitwa dairekta. Uliza prodyuza ni nani, baze yote kimya. Wengi wanamjua yule wa studio anayepiga biti. Wengine wanadhani prodyuza ni tajiri fulani wa kutoa mkwanja halafu akae akisubiri faida. Na hapo ndipo filamu zetu nyingi zinafia. Zinakufa juu hakuna aliyeshika hesabu, hakuna aliyeomba ruhusa, hakuna aliyewaza kazi itaenda wapi ikishamalizika.

Kwa wasee ambao hawajafika huku: Kiringye iko bondeni, teritwari ya Uvira, kwa Bafuliiru. Upande mmoja milima inapanda kwenda Lemera. Upande mwingine ni mto Ruzizi, ukivuka uko Burundi. Joto kali, mpunga, muhogo, ng'ombe, mota zinapita na magunia mpaka shingoni mwa dereva. Ukirudi keja kuna ugali wa muhogo, sombe, na ndagala za kutoka ziwani kama siku imekuwa poa. Jioni mwenye sola na skrini ndiye mfalme wa mtaa. Tunaangaliaka Bongo movie, tunaangaliaka za Nigeria, tunaangaliaka za ngumi zenye msee mmoja anayetafsiri kwa Kiswahili na kuigiza sauti za watu wote, mpaka za wanawake na watoto. Waigizaji tunawajua kwa majina, viatu na demu wao. Filamu ikiisha na yale majina yakianza kupanda kwenye skrini, watu wanainuka kutafuta kandambili zao. Maisha yote ya kazi ya Joanna yako kwenye yale majina ambayo hatukaangi kuyasoma.

Huyu sista hakuanzia kwenye kamera. Alitokea upande wa haki za binadamu na kampeni, watu ambao kazi yao ni kuhakikisha jambo likisemwa linamfikia yule anayepaswa kulisikia. Shikeni hiyo, inaeleza vile alivyofanya baadaye. Kampuni yake inaitwa Violet Films, iko London.

Orlando aliingia Kongo mwaka 2012 akitafuta risto ya matumaini: hifadhi iliyoanzishwa 1925, iliyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1979, inasimama tena baada ya vita, walinzi wanajitoa, sokwe wanarudi. Kumbe mambo mawili yalikuwa yanachemka. La kwanza ni waasi wa M23, waliochipuka mwaka huohuo na kuingia Goma mwezi wa 11. La pili ni mafuta. SOCO ilikuwa na kibali cha kutafuta mafuta kwenye eneo lililoingia ndani ya hifadhi, upande wa Ziwa Edward, pale ambapo maelfu ya familia zinakula kwa uvuvi.

Hapo risto ikageuka. Rodrigue Katembo, mlinzi wa hifadhi ambaye utotoni alilazimishwa kuwa askari, akakubali kubeba kamera ya siri mwilini, akawarekodi watu waliokuja kumshawishi kwa pesa. Mélanie Gouby, mwandishi wa habari Mfaransa, naye akarekodi kwa siri mezani na watu wa upande wa kampuni. SOCO ilikana madai ya hongo. Lakini picha zilikuwepo, sauti zilikuwepo. Mwezi wa 9 mwaka 2013 Katembo alikamatwa, akashikiliwa siku 17, akateswa. Alitoka, akarudi kazini. Mwaka 2017 alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Sasa ukiwa prodyuza wa kitu kama hicho, hebu ona mboka yako. Kuna kadi za memori ambazo zikinaswa kwenye kizuizi mtu anakufa, kwa hiyo lazima nakala itoke nchini kabla ya jioni. Kuna mawakili, juu kampuni kubwa ya London inaweza kukuburuta mahakamani London, na kila sentensi kwenye filamu lazima iwe na ushahidi wa kusimama peke yake. Kuna André Bauma kule Rumangabo, anayelea sokwe mayatima kama watoto wake, ambaye hakuomba kuwa maarufu. Kuna doo za kulipa tiketi, chakula, betri, bima. Na juu ya yote kuna tarehe ya kutoa filamu. Ukiitoa mapema unahatarisha watu. Ukichelewa, mashine zinaweza kuwa zimeshaingia ziwani.

Tarehe 11 Juni 2014, chini ya miezi miwili baada ya Tribeca, SOCO na shirika la WWF walitangaza pamoja kwamba kampuni itamaliza kazi iliyokuwa nayo mkononi na kuacha uchimbaji ndani ya Virunga. Nisidanganye mtu: filamu haikufanya hiyo kazi peke yake. WWF ilikuwa imefikisha malalamiko rasmi Uingereza tangu 2013, na kabla ya hapo kulikuwa na wavuvi na wanaharakati wa Kivu Kaskazini waliokula vitisho bila kamera yoyote kuwaangalia. Ila filamu ilifika pale ambapo wavuvi hawangefika. Timu ya Joanna iliipeleka mbele ya wanasiasa na wawekezaji, watu wenye hisa kwenye kampuni. Mwezi wa 11 Netflix ikaitoa dunia nzima, Leonardo DiCaprio akaweka jina lake kama prodyuza mtendaji. Mwaka 2015 ikaingia kwenye tano bora za Oscar. Mwaka huohuo shirika la Global Witness likatoa karatasi za malipo ya SOCO yaliyokwenda kwa meja wa jeshi la Kongo, na Kanisa la Anglikana la Uingereza likauza hisa zake za SOCO. Oscar yenyewe hawakuibeba. Mimi, kati ya Oscar na kanisa kuuza hisa, ningechagua hisa bila kufikiria mara mbili.

Joanna na Orlando hawakupoa. Mwaka 2016 wakatoa The White Helmets, filamu fupi ya watu wa kawaida wa Syria wanaofukua wenzao kwenye vifusi baada ya mabomu. Mwezi wa 2 mwaka 2017 hiyo ikaleta Oscar nyumbani. Khaled Khatib, kijana wa Syria aliyepiga sehemu ya zile picha, hakuweza kufika kwenye sherehe juu serikali ya Syria ilikuwa imefuta pasipoti yake. Mwaka 2019 Joanna akawa mmoja wa maprodyuza wa The Edge of Democracy ya dairekta Mbrazili Petra Costa, nayo ikafika tano bora za Oscar 2020. Kongo, Syria, Brazili. Kila mahali anaenda na watu wenye risto inayoweza kuwaumiza, na kila mahali kazi ni ileile: risto itoke, na mwenye risto abaki hai.

Heshima yake naitoa yote. Lakini kuna swali linanikereketa, la nani anaamua risto zetu, na lina mizizi mirefu kwenye ziwa letu, Tanganyika.

Waingereza walianza kitambo kutengeneza filamu kutokana na maji haya. Mwezi wa 12 mwaka 1915 na mwezi wa 2 mwaka 1916, mashua ndogo za Kiingereza, zikianza na Mimi na Toutou, zilipigana na meli za Wajerumani hapa Tanganyika, karibu na mahali panapoitwa leo Kalemie. Zile mbili zilivutwa nchi kavu kupitia misitu na milima ya Katanga. Ile meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe Kigoma mwaka 1916. Ikainuliwa 1924, ikapewa jina la Liemba, na mwaka 1997 hiyohiyo ilirudisha wakimbizi zaidi ya 75,000 kutoka Kigoma mpaka Uvira. Kuna wazazi wa bondeni humu waliorudi nyumbani nayo.

Vita hiyo ya ziwani ndiyo C. S. Forester aliichota akaandika riwaya ya The African Queen mwaka 1935. Mwaka 1951 ikawa filamu. Mkwanja ulitoka kwa Sam Spiegel na ndugu wawili wa London, John na James Woolf, wenye kampuni ya Romulus. Dairekta John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka mto Ruiki, upande wa Ubundu, halafu Uganda kwenye Ziwa Albert, na sehemu nyingine wakazimalizia studio Uingereza. Tanganyika yenyewe hawakugusa. Bogart akapata Oscar yake ya pekee. John Woolf akaendelea kupanda, na filamu yake ya Oliver! ya 1968 ikabeba Oscar ya filamu bora. Hawa ni maprodyuza wa maana, walijua kazi. Ila Wakongo waliobeba mizigo, waliojenga kambi na kusukuma mashua mtoni, nenda kawatafute kwenye majina yanayopanda.

Kutoka 1951 mpaka 2014 kuna hatua kubwa. Kwenye Virunga, Katembo na Bauma wana majina, wana sauti, wanaongea wenyewe na dunia inasoma chini ya skrini. Uso wa filamu ni wetu. Lakini kalamu ya uamuzi ilishikwa na maprodyuza wa Uingereza. Anayeshika hiyo kalamu ndiye anaamua risto inaanza wapi, inaishia wapi, na nani anaitwa shujaa. Huyo lazima siku moja awe mtu wa hapa.

Na wameshaanza. Dieudo Hamadi, msee wa Kisangani, ana kampuni yake mwenyewe, Kiripifilms. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard, filamu ya watu waliopoteza miguu na mikono kwenye vita ya siku sita ya Kisangani, mwezi wa 6 mwaka 2000, pale majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana katikati ya mji wa watu. Wanapanda boti, wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai haki yao. Dieudo alikuwa nao kwenye ile boti, kwenye mvua, chini ya turubai. Filamu ikachaguliwa Cannes, ya kwanza kutoka Kongo kuingia kwenye orodha rasmi. Goma nako kuna Yole!Africa ya Petna Ndaliko Katondolo, ambapo vijana wamekuwa wakifundishwa kamera, uhariri na muziki kwa miaka mingi, na tamasha la filamu juu yake. Goma si mwezini.

Sasa turudi Kiringye, na niwaambie kinachowezekana bila kuongeza chumvi. Simu ya kupiga picha safi mbogi inayo. Programu ya kuhariri iko kwenye simu hiyohiyo. Kinachokosekana ni msee mmoja, ama sista mmoja (na mimi macho yangu yako kwa masista, juu ndio wanaoshika hesabu za likelemba bila falanga kupotea), wa kusema: mimi siigizi, sipigi kamera, mimi nabeba mzigo.

Kazi yake inaanza na daftari. Mota ya kwenda Luvungi na kurudi ni falanga ngapi, kuchaji betri kwa mwenye sola ni ngapi, mega za kutuma kazi ni ngapi, chakula cha watu sita ni ngapi. Hapo kwenye chakula msicheze. Watu watafanya kazi bila mshahara wiki nzima wakijua saa saba sufuria iko motoni, na wataondoka siku ya pili wakilala njaa. Halafu ruhusa. Unaenda kwa chefu wa kijiji, unaenda kwa wakubwa wa eneo, unaeleza mapema unataka kufanya nini, unarudi na karatasi yenye muhuri. Bonde hili limeona makundi ya silaha mengi mno. Kijana anayezungukazunguka na kamera bila karatasi, kila upande unaweza kumwita mpelelezi.

Halafu kuna makubaliano, na hapa ndipo mbogi nyingi zinavunjika. Andikeni. Nani anapata nini filamu ikilipa, nani ana haki ya kuipeleka kwenye tamasha, jina la nani linapanda wapi. Karatasi moja, saini za wote, kila mtu na nakala yake. Nimeona urafiki wa tangu shule ukifa kwa video ya dakika nne juu kila mmoja alidhani ni yake.

Na sauti! Picha mbaya mtu atavumilia, sauti mbaya anafunga simu. Bondeni upepo wa mchana unaharibu kila kitu, kwa hiyo mazungumzo pigeni asubuhi mapema, ndani, mbali na jenereta. Kamaiki kadogo ka kuvaa shingoni kanauzwa bei ya kuku wawili watatu. Prodyuza wa kweli ananunua hako kwanza, viatu baadaye.

Mkiuliza risto iko wapi, mimi nasema tumezikalia. Panda Lemera: ile hospitali aliyofanyia kazi Daktari Denis Mukwege, ambayo mwezi wa 10 mwaka 1996 ilivamiwa na wagonjwa wakauawa vitandani. Filamu ya maisha yake, L'homme qui répare les femmes ya 2015, ilifanywa na Wabelgiji, Thierry Michel na Colette Braeckman. Serikali ya Kongo iliipiga marufuku, halafu ikaiachia. Ni kazi kubwa, itafuteni. Lakini mlima ni wetu, wazee waliokuwepo ni wetu, na wanaongea Kifuliiru na mtoto wa hapa vile hawataongea na mgeni kupitia mkalimani.

Shuka Sange. Tarehe 2 Julai 2010, jioni ya robo fainali za Kombe la Dunia, lori la mafuta lilipinduka kando ya barabara. Wengine walikimbia na vidumu kuchota. Wengine walikuwa wamejazana kwenye vibanda vya video, wanaangalia mpira, hawana habari. Moto ulipolipuka uliwakuta wote. Walikufa watu zaidi ya 230, wengi wakazikwa kwenye makaburi ya pamoja. Watu wa rika letu, waliokuwa wamekaa mbele ya skrini vile tunavyokaa sisi. Walionusurika wapo, wengine na makovu ya moto mwilini, waliokuwa watoto siku ile sasa wana watoto wao.

Kama kuna mtu kwenye mbogi ananisoma na anataka kuwa prodyuza, kazi ya kwanza hii hapa. Acha simu mfukoni. Nenda Sange na mtu mzima anayeheshimika huko, kaeni na hao wasee na hao wamama, siku mbili, siku tatu, wanavyotaka wao. Uliza kama wanataka risto itoke. Uliza nani yuko tayari kuonyesha uso na nani hataki, nani atahitaji wa kuongea naye usiku baada ya kukumbuka yale. Uliza wao wanataka filamu ifike kwa nani: serikali, wenye malori, watoto wao. Andika majibu kwenye daftari, uliza ruhusa ya kurudi. Ukiwa na hayo, njoo baze, tuanze kutafuta doo.